Jinsi ya kuizunguka Ghuba ya Speke kwa siku nne: unaenda kwa meli, unarudi kwa barabara

Watu wengi wakija Mwanza wanapiga picha na jiwe la Bismarck, wanakula sato pembeni ya maji, kesho yake wapo stendi wanaondoka, yani ziwa wameliona ila hawajaliingia. Mi nimezaliwa Kirumba, honi ya meli ndo ilikuwa inatuamsha, na kila ndugu akija kututembelea huwa nampitisha njia hii moja ambayo inamuonyesha ziwa lilivyo kweli, na inamuonyesha pia zile safari za zamani tulizosoma darasani zilipita wapi hasa. Nimeulizwa maelekezo kwa simu mara nyingi mno, leo nayaandika yote.

Ghuba ya Speke ni ule mkono wa ziwa unaoingia upande wa mashariki, juu yake Ukerewe, chini yake Magu, na ncha yake inaishia karibu kabisa na Serengeti. Ukipanda meli Mwanza mpaka Nansio, ukakata kisiwa mpaka Rugezi, ukavuka kwenda Kisorya, ukashuka Bunda, halafu ukarudi kwa barabara ya Lamadi, Magu na Kisesa, umeizunguka yote. Siku nne bila haraka. Ukiwa na mbili unaweza pia ila utakuwa unaangalia saa tu njia nzima.

Kabla hujafunga begi, jua unapita njia ya nani

Tulifundishwa kwamba John Hanning Speke aligundua ziwa mwaka 1858. Mi naomba uisome hiyo habari upya kabla ya kusafiri, maana inakufundisha namna ya kusafiri. Speke aliondoka Kazeh, ndo Tabora ya leo, tarehe 9 Julai 1858, mwenzake Richard Burton amebaki anaumwa, na tarehe 3 Agosti akawa juu ya kilima cha huku kwetu anayaangalia maji. Sasa nani alimwambia kuna maji? Aliambiwa palepale Kazeh na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyezijua njia za kaskazini. Nani alimsemea njiani? Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utumwani akiwa mdogo, akapelekwa India, akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na njia ilikuwa inajulikana na wafanyabiashara na wenyeji. Alipofika Mwanza akatafuta mtumbwi wa kumvusha Ukerewe, akakosa, akakaa siku chache akageuza. Visiwa aliviona kwa macho, hakuvikanyaga. Bombay yeye aliendelea, akarudi tena na Speke mpaka Uganda, akaenda na Stanley kumtafuta Livingstone mwaka 1871, kisha akawa na Cameron aliyevuka bara zima mpaka bahari ya magharibi mwaka 1875. Kwa miguu.

Halafu Stanley mwenyewe, safari yake ya pili. Alitoka Bagamoyo Novemba 1874 na boti yake Lady Alice imekatwa vipande, watu wameibeba mabegani zaidi ya siku 100, mpaka kijiji cha Kageye huku upande wa kusini wa ghuba, akafika tarehe 27 Februari 1875. Wakaiunganisha pale ufukweni. Tarehe 8 Machi akaingia majini na watu wake 11 na mtu wa huku anaitwa Saramba kama kiongozi wa njia, wakalizunguka ziwa zima wakarudi Kageye tarehe 6 Mei. Wewe unaizunguka ghuba tu, na unaizunguka kinyume chake, maana yeye alianza na pwani ya Magu akaenda mashariki.

Sasa kitu ninachotaka ukishike hapo ni kimoja: hakuna hata mmoja wao aliyelijua hili ziwa kwa akili yake mwenyewe. Kila mmoja alikuwa na Saramba wake.

Hatua ya kwanza: tafuta mwenyeji, ndo ukanunue tiketi

Simaanishi muongoza wageni wa kulipwa lazima, ingawa kama una uwezo ni vizuri. Namaanisha mtu mmoja wa Ukerewe ambaye utamuuliza meli imetoka saa ngapi leo, kivuko cha Rugezi kinafanya kazi au kipo matengenezo, na upepo ukoje. Ratiba iliyobandikwa ukutani na hali halisi ya siku hiyo ni vitu viwili tofauti, na anayejua hali halisi ni mtu aliyeko kule. Kumpata sio kazi, Mwanza imejaa Wakerewe. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi, lile soko la samaki la ufukweni, kule kwenye dagaa na kayabo (samaki wa kukaushwa kwa chumvi), salimia wakubwa shikamoo kabla hujauliza chochote, sema unaenda Nansio mara ya kwanza unaomba maelekezo. Kuna mama mmoja muuza dagaa pale alimpigia mdogo wake Nansio hapohapo mbele yangu, akamwambia "kuna mgeni wangu anakuja na meli, mpokee", na mgeni hata jina lake alikuwa hajamuuliza. Ndo watu wa ziwa walivyo.

Usiku wa kuamkia safari piga simu ya mwisho. Usidharau hiyo simu.

Hatua ya pili: chagua siku kwa kuangalia anga

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo pana uhai wa mtu.

Ziwa letu ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lina hali ya hewa yake lenyewe. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya nchi inapanda, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku inageuka, nchi inapoa upesi, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote kwenda katikati ya ziwa, unakutana kule, hewa yenye unyevu inasukumwa juu na mawingu yanajengeka. Ndo maana radi na dhoruba za ziwani kwa sehemu kubwa ni za usiku na alfajiri, na ndo maana sisi Mwanza tunaamshwa na mvua saa kumi na moja halafu kufika saa nne jua linawaka utafikiri hakikutokea kitu. Wavuvi wa dagaa wanaofanya kazi usiku na taa zao ndo wanaokutana na hii hali ana kwa ana.

Kwa hiyo angalia utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa na wa ziwani pia, uangalie jioni na uangalie tena asubuhi. Msimu wa mvua za Machi mpaka Mei, na zile za kuanzia Oktoba, radi zinakuwa nyingi. Juni mpaka Agosti mvua hakuna ila upepo wa kusi unapiga, mawimbi yanakuwa makubwa, meli inapita vizuri lakini tumbo lako litajua. Mi huwa napendekeza Januari mwishoni au Februari, au Septemba mwanzoni. Ukiona wingu jeusi limekaa chini kama ukuta na chini yake maji yamegeuka rangi, na wewe uko mwaloni, pale boti zinapoegesha, unataka kupanda boti ndogo, usipande. Subiri. Wenyeji watakaa chini wasubiri, na wewe kaa nao.

Hatua ya tatu: tiketi

Meli za Nansio zinatokea bandari ya Mwanza Kaskazini, pale mjini kabisa. Nenda dirishani mwenyewe, usimpe mtu wa njiani hela akukatie. Beba kitambulisho, na hakikisha jina lako limeandikwa kama lilivyo, na kama una mtoto sema na yeye aandikwe hata kama halipi nauli. Nasema hivi kwa uzito. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba na imebakiza kidogo tu kufika Mwanza, ilikuwa imezidisha sana watu, uwezo wake ulikuwa abiria 430, na mpaka leo idadi kamili ya waliokufa ni ya kukadiria, wengi wanasema 800 kwenda juu, kwa sababu waliokuwemo ndani hawakuandikwa wote. Kuna familia huku kwetu hazina jina kwenye karatasi yoyote. Jina lako kwenye orodha ni haki yako.

Madaraja yapo ya bei tofauti. La chini linatosha kwa safari ya Nansio, ila wahi upate kiti cha katikati ya meli, usikae mbele kabisa wala nyuma kabisa, katikati ndo inayumba kidogo.

Kuna watu wanataka safari ndefu zaidi, ya usiku kucha mpaka Bukoba. Hiyo ni habari nyingine na ni nzuri sana, na sahivi tuna meli kubwa, MV Mwanza, imejengwa hapahapa Mwanza, inabeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo na magari 20. Ila kwa mara ya kwanza anza na Ukerewe, ujifunze ziwa mchana unaliona.

Begi: koti la upepo hata kama mjini kuna joto, mfuko wa nailoni wa kufungia simu na vitambulisho, pawabenki, maji ya kunywa, dawa ya kuzuia kutapika kama unajijua, chandarua au dawa ya mbu. Hela ya mkononi ya kutosha siku mbili, maana netiwaki inaweza kugoma siku ambayo wewe ndo unaihitaji. Basi. Usibebe begi ambalo huwezi kulinyanyua kwa mkono mmoja, kwenye vivuko mkono wa pili unashikilia chuma.

Hatua ya nne: ukiwa melini

Ukipanda tu, kabla hujaweka begi chini, tafuta laifu jaketi ziko wapi na mlango wa kutokea ni upi. Muulize baharia, "samahani kaka, maboya yako wapi?" Atakuonyesha. Vaa moja uone inafungwaje, halafu irudishe mahali pake. Dakika mbili hazizidi.

Meli ikiachia kamba toka nje usimame ubavuni uangalie mji, maana hakuna picha ya Mwanza inayoshinda ile. Mawe yamepandana juu ya mawe, nyumba zimepanda nayo mpaka juu kabisa Isamilo na Bugando, bati zinang'aa, jiwe la Bismarck linapungua mpaka linakuwa kama kidole, kisiwa cha Saanane kinabaki nyuma, halafu Bwiru inapita, halafu mnatoka kwenye ghuba ya Mwanza na ghafla maji yanabadilika rangi na upepo unakuja mwingine kabisa. Hapo ndo mmeingia kwenye mdomo wa Ghuba ya Speke. Utaona wamama waliokuwa wanapiga stori wanajifunga kanga kichwani na kunyamaza kidogo. Kuku ndani ya matenga nao wananyamaza. Safari nzima ni kama masaa matatu na nusu.

Ukianza kusikia kichefuchefu usijifungie ndani na usiangalie simu, toka nje uangalie mbali pale maji yanapokutana na mbingu, jicho likae palepale. Kula kidogo kabla ya safari, chapati kavu na chai ya tangawizi, usipande na tumbo tupu wala usipande na wali maharage.

Mkikaribia Nansio watu wataanza kusimama na kusogea upande wa gati. Wewe kaa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati ya Ukara, hapo hapo Ukerewe, kimetoka Bugolora siku ya gulio, uwezo wake watu 101, na waliokufa walizidi 220. Watu wazima na watoto wa shule na bidhaa zao, ufukwe wanauona. Tangu siku ile mi sisimami mpaka kamba imefungwa, na yeyote ninayesafiri naye hasimami. Mkiwa wengi mliokaa na wengine wanakaa.

Ukerewe

Nansio ni mji mdogo uliotulia, gesti zipo za kutosha, lala palepale karibu na bandari. Ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ndani ya maziwa Afrika, na ukikizoea utaona ajabu kwamba mwenzako hajawahi kufika. Kodi boda wa siku nzima, elewaneni bei asubuhi na si jioni, akupeleke Bukindo uone jumba la chifu, la ghorofa, limekaa kati ya miembe, kisha Handebezyo kwenye mapango na mawe ya juu ambako unaona maji pande zote. Mwambie boda asikimbize. Barabara za ndani zina mchanga na watoto wanavuka.

Kula ugali wa muhogo na sato, au furu wa kukaanga ukibahatika, na kama ni msimu nunua machungwa ya Ukerewe, nunua mengi, utakuja kunishukuru Bunda. Jioni kaa mwaloni uangalie wavuvi wa dagaa wanavyotoka. Mwezi ukiwa hakuna ndo wanaenda, maana dagaa wanafuata taa, zamani karabai sasa hivi taa za sola, na ikifika saa mbili usiku ziwa lote mbele yako linakuwa mji wa taa, utafikiri kuna nchi nyingine kule. Hiyo peke yake inatosha safari.

Usiogee ziwani pembeni kwenye majani na maji yaliyotulia, najua maji yanavutia. Kichocho kipo, kinakaa kwenye konokono wa maji ya pembeni, kinapita kwenye ngozi bila wewe kusikia. Ukishaingia maji, hata mguu tu, ukirudi kapime baada ya miezi kama miwili hivi, dawa ipo na ni rahisi. Na mamba wapo pia sehemu nyingine, mwenyeji wako anajua ni wapi, muulize.

Kama unataka kwenda Ukara au visiwa vidogo utakutana na boti za mbao zenye injini. Hapa nikueleze kilichonipata. Mwaka mmoja nilipanda boti ya namna hiyo kurudi kutoka kisiwa kimoja kidogo, imejaa magunia ya dagaa, watu juu ya magunia, laifu jaketi mbili kwa watu wote. Katikati injini ikazima, upepo ukaigeuza boti ubavu, mawimbi yakaanza kuingia, tukawa tunakomba maji kwa dumu lililokatwa nusu, mimi na kijana mwingine tunapokezana, na nakumbuka vizuri zile pamba walizozibia kati ya mbao zilianza kutoka moja moja zinaelea miguuni mwangu. Karibu masaa mawili. Injini ikawaka tukafika. Mzee mmoja tuliyekuwa naye, ameshuka hata nguo hajazikamua, akaniambia, "Mwanangu, siku nyingine kaa kwenye ubao wa pembeni, shusha mkono. Kiganja kikigusa maji na kiwiko bado kimekunjika, hiyo boti sio yako." Hicho ndo kipimo changu mpaka leo na nakupa na wewe. Shusha mkono. Kama maji yako karibu hivyo, shuka, hata kama umeshalipa. Jaketi uivae, usiikalie. Na boti ndogo usiku, hapana.

Hatua ya tano: Rugezi kwenda Kisorya

Asubuhi ya siku ya tatu toka Nansio mpaka Rugezi. Kuna mabasi yanayotoka Nansio yanavuka na kivuko na kuendelea Bunda mpaka Mwanza, ukipata hilo umepona kazi ya kubadilisha gari. Ukiwa kwenye basi, kivuko kikipanda maji shuka kwenye basi. Wote mshuke. Usikae ndani ya gari juu ya maji hata kama kondakta anasema ni dakika chache na hata kama kuna mvua.

Mlango wa Rugezi ni mwembamba, unaona upande wa pili vizuri, mkivuka ni robo saa hivi mpaka nusu saa kutegemea na kupakia. Ukiuona ndo utaelewa kwamba Ukerewe nusura iwe sehemu ya nchi kavu. Magugu maji yakijazana yanakichelewesha kivuko, usigombane na mtu, nunua mahindi ya kuchoma usubiri. Kusubiri kivuko ni sehemu ya usafiri wa huku tangu zamani, hata Kigongo na Busisi ndo tulikuwa hivyo, foleni masaa, wagonjwa wamo ndani ya gari wanasubiri, mpaka lile daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa Juni 2025. Nilivuka wiki ileile na mama yangu mkubwa anayetoka Sengerema, hakusema kitu njia nzima, tulipofika ng'ambo akaniuliza, "tumeshavuka?"

Hatua ya sita: Kisorya, Bunda, Lamadi, Magu

Kutoka Kisorya mpaka Bunda ni kipande kirefu kidogo, Kibara ipo njiani, ghuba inaonekana kulia kwako inapotea inarudi. Bunda ukiwa umechoka lala, mji wa njia panda, kila kitu kipo. Ukiwa na nguvu endelea na gari za Mwanza, kaa dirisha la kushoto, maana ukishatoka Bunda utapita geti la Ndabaka la Serengeti na mbuga inakuja mpaka barabarani, mara nyingi unaona pundamilia au nyumbu bila kulipa kiingilio. Ghuba inabaki kulia. Hapo fikiria: unatoka kwenye samaki unaingia kwenye nyumbu na ni barabara moja.

Lamadi pita tu. Karibu na Magu utavuka mto Simiyu, mdomo wake ndo Stanley aliupita na Lady Alice siku zake za kwanza majini. Lala Magu.

Hatua ya saba: Kageye

Watu wanaipita hii na inaniuma. Siku ya nne panda gari mpaka Kisesa, pale tafuta boda au kodi gari, sema unaenda Kageye, upande wa Kayenze, elewaneni bei ya kwenda, kukusubiri na kurudi, yote pamoja, maana kule hupati usafiri wa kurudi kirahisi. Ukifika kijijini usiende moja kwa moja ufukweni. Anza kwa mwenyekiti au mzee yeyote utakayemkuta, salimia. Ukisalimia kwa Kisukuma, "mwangaluka", asubuhi utaona nyuso zinavyofunguka, ukimaliza sema "wabheja", yani asante. Waeleze umekuja kuona mahali pa Stanley, watakupa mtu.

Pale kuna kumbukumbu na makaburi. Frederick Barker, kijana wa Kiingereza aliyekuja na Stanley, alifia pale tarehe 23 Aprili 1875 wakati mwenzao yuko majini bado, hakurudi kwao. Simama pale, halafu angalia maji. Wapagazi walioibeba ile boti kutoka Bagamoyo, waliokufa njiani kwa homa na njaa na mapigano, wao makaburi yao yako wapi hujui, yako njia nzima. Mi huwa nakaa pale ufukweni kama nusu saa. Wamama wanaanika dagaa kwenye mchanga, watoto wanacheza kwenye mtumbwi uliopasuka, ng'ambo kule kwenye ukungu ndo Ukerewe ulikotoka jana. Unaiona kama Speke alivyoiona, tofauti ni kwamba wewe umeshafika.

Kama muda upo, ukirudi Kisesa ingia Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma, ngoma za machifu zipo pale na historia ya Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, utaelezwa na watu wanaozicheza.

Hatua ya mwisho: Igoma

Ukitoka Kisesa kuja mjini daladala zinapita Igoma. Shuka. Uliza makaburi ya MV Bukoba, kila mtu anayajua. Ukiwa umetoka kwenye hili zunguko, umeshakaa juu ya yale maji masaa matatu na nusu, umeshashika lile jaketi, utayasoma yale makaburi tofauti na mtu aliyetoka hotelini. Mwanza kila mtu wa umri wangu ana jirani au mwalimu au shangazi pale. Mwezi Mei tarehe 21 watu wanakuja, wanafyeka majani, wanasali. Siku nyingine pametulia.

Ukimaliza rudi barabarani, simama upande wa kushoto kama unaelekea mjini, daladala za kwenda katikati ya mji zinapita kila baada ya dakika chache mpaka usiku. Mpigie yule mwenyeji wako wa Nansio umwambie umefika salama, maana atakuwa anasubiri.